Kababu za Mboga Siku ya Ntheo

Ntheo ya binti ya kaka yangu ilikuwa imekwisha kupangiwa tarehe, na bei za mbuzi zimeanza kuulizwa, ndipo mwenyewe aliponifuata jikoni na ombi lake. Ni muda sasa tangu aache nyama. Baadaye akaacha na mayai na maziwa.

"Shangazi, simkatazi mtu mbuzi wake," akasema. "Lakini nataka kuwe na chakula ambacho na mimi nitakila mbele ya watu, na wageni wakionje. Zile kababu zako za mboga. Za kuoka, zisielee kwenye mafuta."

Kaka yangu alikuwa sebuleni na gazeti. Akadakia bila kuinua macho: "Wakwe watoke Masii na mbuzi zao, wafike hapa wapewe kunde zilizoviringwa?"

Msomaji asiyejua mambo ya Ukambani aelewe uzito wa swali hilo. Ntheo ni mbuzi. Upande wa kijana huwaleta kwa kina msichana, wakachinjwa na kuliwa, na hapo ndipo mila inapotambua kwamba kuna ndoa. Mahakama zetu nazo zimeamua hivyo zaidi ya mara moja: wawili wanaweza kuishi pamoja miaka na mikaka, lakini swali likifika kortini la nani alikuwa mke wa marehemu, hakimu atauliza kama ntheo ilitolewa. Kwa hiyo kumwomba mpishi wa siku kama hiyo atengeneze chakula kisicho na nyama hata chembe si jambo la kuitikia haraka haraka.

Na kaka yangu hakusema hazitakuwa tamu. Kababu hizo alishazila kwangu, akaongeza. Alichohofia ni heshima. Nimekuwa nikipikia sherehe hapa Machakos kwa miaka mingi, na ninasema bila kusita kwamba chakula cha mboga kikishindwa kwenye meza za kwetu, mara nyingi hakijashindwa mdomoni. Kimeshindwa kabla hakijapakuliwa.

Nilikulia kwenye miteremko ya vilima vya Iveti miaka ya 1970, kwenye shamba la matuta ambayo babu zetu na mama zetu waliyachimba kwa majembe ili mvua isiuchukue udongo. Chakula chetu kilikuwa isyo, mahindi na maharagwe au mbaazi katika chungu kimoja. Siku nyingine muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda. Kunde tulizila kwa namna mbili, majani yake msimu wa mvua, punje zake baada ya mavuno. Mayai yaliuzwa ili tununue sabuni na karo itimie. Maziwa yalikuwa ya chai, na chai yenyewe ilikuwa nyekundu mara nyingi. Mtu angehesabu siku ambazo nyumba yetu haikugusa chochote cha mnyama, angepata nyingi kwa mwaka, na hakuna aliyekuwa na jina la maisha hayo. Tulikuwa tunakula tu.

Susu, bibi yangu, alikuwa na jiwe la kusagia. Nakumbuka alivyolipigia magoti, kunde zilizolowa zikiwa kwenye kibuyu kando yake, anatia gao moja, anasukuma, anavuta, uji mzito mweupe unateremka hadi kwenye ungo. Alitengeneza vitonge akavibandika kwenye kigae juu ya mafiga, bila mafuta, kwa sababu mafuta hayakuwapo. Vilitoka vimeungua kidogo upande mmoja. Tuligombania vile vilivyoungua zaidi.

Lakini siku moja alikuja mgeni, mtu mkubwa wa kanisa letu. Kwenye moto kulikuwa na sufuria ya kunde zilizokaangwa kwa kitunguu, zimeiva vizuri, nyumba nzima inanukia. Mama alizifunika kwa kifuniko, akaweka na sinia juu ili harufu isitoke, kisha akamtuma kaka yangu (huyu huyu wa gazeti) kwa jirani akakope jogoo. Jogoo akakimbia. Kaka akamfukuza hadi chini mtoni. Jua likatua kuku hajaingia sufuriani. Mgeni yule alikuwa ametembea tangu asubuhi. Nina hakika kunde zile angezilamba hadi sufuria. Sisi watoto tulizila gizani nyuma ya jiko, naye mgeni akangoja hadi usiku ulipokuwa umeingia ndipo akala mapaja ya jogoo mgumu ambaye hakupata muda wa kuiva.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi nikipanga vyakula vya watu. Mama hakuzionea kunde aibu kwa sababu ya ladha. Kunde zilikuwa chakula kisichomgharimu mtu chochote kinachoonekana. Zilikuwa zimeiva tayari, kwa ajili yetu, mgeni asingekuja tungezila vile vile. Jogoo alikopwa, akafukuzwa, akachinjwa. Mgeni aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake, na hapo akajua amepokewa.

Mifugo yenyewe huku kwetu ina historia ambayo watu wanaosema "Mkamba bila nyama haiwezekani" huisahau. Ng'ombe walikuwa akiba na mahari kabla hawajawa kitoweo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliponyakua ng'ombe wa Machakos kwa nguvu kwa madai kwamba ni wengi mno na wanaharibu ardhi, Wakamba walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi huko wakitaka kuonana na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Wakati huo huo pale Athi River kilikuwa kimejengwa kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig, kilichohitaji ng'ombe wa bei ya chini. Watu wetu hawakwenda Nairobi kudai nyama. Walidai ng'ombe wao wabaki hai. Leo kuna barabara ya Muindi Mbingu katikati ya Nairobi, na ukiifuata unafika City Market, kwenye bucha zilizojipanga na nyama zinazoning'inia. Sijui kama aliyeichagua barabara hiyo alikuwa anafanya mzaha.

Mwaka 1984 mvua zilikataa. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa; tulikula mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli, tukayalalamikia, tukayala. Nililojifunza mwaka ule ni dogo na la kishamba: mahindi yalikauka yakiwa magotini, lakini mbaazi za susu zilizokuwa kingo za matuta zilisimama. Mizizi ya mbaazi huenda chini sana. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, pale kwenye barabara ya Wote, hakikuishia kwenye yale mahindi yake yanayokomaa upesi yaliyotoka miaka ya 1960, bali kiliendelea na kunde, mbaazi na ndengu za maeneo makavu. Ukienda Marikiti leo ukaomba ndengu, muuzaji atakuuliza kama unataka "nailoni". Ni ile N26, ina ngozi inayong'aa, nayo ilitoka Katumani. Tuna maabara nzima mlangoni petu iliyokesha juu ya vyakula ambavyo mama alikuwa akivifunika kwa sinia.

Nilipoolewa tulihamia Mombasa, Changamwe, kama Wakamba wengi wa enzi hizo waliofuata kazi za bandari na viwanda. Jirani yangu alikuwa mama wa Kiswahili, mjane, aliyeishi kwa kuuza vitafunio. Mwezi wa Ramadhani uliponikuta pale mara ya kwanza, aliniita nimsaidie kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi. Kachori, katlesi, bajia za kunde. Nilipoona kunde nikadhani najua. Nikauliza sufuria ya kuzichemshia iko wapi.

"Mwanangu, ukizichemsha umeziua," akasema. "Kunde ya bajia hailijui jua la sufuria. Inaoga tu."

Alikuwa amezilowesha tangu usiku. Akazitia kwenye beseni pana, akaanza kuzifikicha kwa viganja, maganda yanatoka, yanaelea juu ya maji, anayamwaga, anaongeza maji mengine, anafikicha tena. Kazi hiyo ilichukua muda wote tangu swala ya adhuhuri hadi karibu ya alasiri. Kisha kusaga, kisha kuupiga mkorogo kwa mkono mmoja kwenda upande mmoja tu, mpaka ukaumuka na kuwa mwepesi. Alidondosha tone kwenye gilasi ya maji. Likazama. Akaendelea kupiga. Alipodondosha tena likaelea, ndipo akatia kitunguu, pilipili, kotimiri na chumvi.

Baadaye nilikuja kuelewa kinachotendeka, na ndilo jambo ninalomwambia kila msichana anayekuja kujifunza kwangu. Kunde iliyochemshwa wanga wake umekwisha kufunguka na kunywa maji. Ukiiponda unapata rojo lisilo na nguvu, na donge lake likiingia kwenye oveni linapasuka na kusambaa. Ndipo watu hutafuta yai la kulishikilia, au unga mwingi wa ngano hadi kababu inageuka mkate. Kunde iliyolowa tu bado ina wanga mbichi. Wanga huo hufunguka ndani ya donge wakati wa kuiva, unanata pale pale, na donge linajishika lenyewe bila yai. Ndivyo taamiya ya Misri inavyosimama, na akara ya Wanaijeria, na ile acarajé ambayo Waafrika waliopelekwa utumwani waliifikisha Bahia, Brazil. Watu wa kunde, kila walipo, wamegundua jambo moja.

Tahadhari moja tu, nayo si ya mzaha: maharagwe hayaingii katika hesabu hii. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayotapisha na kuendesha, na joto la kuoka juu juu haliiondoi. Hayo lazima yaloweshwe, maji yamwagwe, yachemshwe yakitokota sawasawa kwa dakika 10 au zaidi kabla hujayafanyia lolote. Kunde, ndengu na dengu, sawa. Maharagwe, chemsha.

Lakini zaidi ya ufundi, nilichokiona Changamwe ni wageni. Bajia zilipopelekwa kwa majirani kwenye sahani zilizofunikwa kwa vitambaa, hakuna aliyeuliza nyama iko wapi. Kila aliyepokea alijua ile sahani ni mchana mzima wa mtu aliyefunga, mikono imechuma maganda mpaka vidole vimekunjamana. Kunde zile zile ambazo kwetu zingemtia mama aibu, huku zilikuwa zawadi. Jasho lilikuwa limeingia na kila mtu aliliona. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba heshima ya mgeni haiko kwenye mnyama. Mnyama ni njia moja ya kuonyesha gharama. Kazi ya mikono ni njia nyingine, ila lazima ionekane.

Tulikuwa tunapanda basi kuja nyumbani kila Krismasi, na wakati mmoja basi liliharibika karibu na Makindu. Tuliokuwa na watoto tulielekezwa kwenye hekalu la Masingasinga, lile lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli. Tukavua viatu, tukapewa vitambaa vya kufunika vichwa, tukakaa. Dereva, utingo, mimi na wanangu, na bwana mmoja wa suti aliyekuwa ametangulia na gari lake. Wote tukapakuliwa dengu, mboga na chapati, na chai. Hakuna nyama hapo, haijawahi kuwapo, na hakuna anayelipa. Maziwa yapo, kwa hiyo mpwa wangu angeacha chai. Nilimtazama yule bwana wa suti akinyoosha sahani yake aongezwe dengu mara ya pili. Hotelini angetaka kuku. Pale aliye kando yake alikuwa anakula kile kile, na aliyempakulia alimpa kwa mikono miwili.

Nilirudi Machakos moja kwa moja baada ya mume wangu kustaafu, nikaanza kupikia watu. Kababu za mboga zilikuwamo tangu mwanzo lakini pembeni, kwa ajili ya Waadventista waliokuja kwenye harusi na wazee waliokatazwa nyama na daktari kwa sababu ya jongo. Nilizikaanga. Hakuna aliyeziwaza.

Mambo mawili yakazisogeza katikati ya meza. Julai 2019, runinga ya NTV ilirusha uchunguzi uliodai kwamba nyama kwenye baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi ilikuwa ikitiwa sodiamu metabisulfiti ili ionekane mbichi. Kwa miezi kadhaa kila mteja wangu alitaka kumwona mbuzi wake akitembea, na wachache wakasema basi, hebu tupe vitu visivyokuwa na mashaka. Halafu ukaja mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilivuruga biashara ya mafuta ya alizeti, na Aprili mwaka huo Indonesia ikasimamisha kuuza nje mafuta ya mawese, ambayo ndiyo yanayojaza mitungi mingi ya jikoni Kenya. Marufuku ile haikudumu sana lakini bei zilikuwa zimekwisha ruka. Karai la kukaangia kababu za sherehe linameza lita nyingi, na mafuta yaliyokaangiwa mara kadhaa yanakuwa meusi na machungu, huwezi kumpa mtu. Nikafanya hesabu. Kuoka kulihitaji vijiko vichache vya mafuta ya kupakaza badala ya lita. Gesi nayo ilikuwa imetiwa kodi, kwa hiyo nilijifunza kujaza oveni: trei juu, trei chini, kubadilishana katikati ya muda, moto mmoja.

Sitasema kuoka ni sawa na kukaanga. Anayesema hivyo hajawahi kula bajia ya moto Changamwe. Oveni inakausha, na kababu ya kunde iliyokauka ni tofali. Inabidi uirudishie unyevu kwa njia nyingine, na huko ndiko mboga zinakoingia kwa haki yake na si kwa mapambo.

Nafanya hivi. Kunde nyeupe, au kunde nusu na ndengu nusu, zinalowa usiku kucha. Nafikicha maganda, si yote, yakitoka mengi inatosha. Nazichuja mpaka zisidondoke maji, kwa sababu maji yaliyobaki hapo ndiyo yatakayokuharibia umbo. Kisha nazipitisha kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile inayofungwa kwenye ukingo wa meza kwa parafujo. Wateja hucheka wakiiona. Inatoa kunde chengachenga, si uji, na ndivyo ninavyotaka; uji ni wa bajia za kudondosha, chenga ni za kuviringa. Kabla ya kuzipitisha, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinaingia pamoja nazo ili vienee.

Kwa kila kikombe cha kunde kavu natia karoti moja kubwa iliyokwaruzwa, kitunguu kilichokatwa vipande vidogo sana, na gao la majani, mchicha au majani ya kunde yenyewe yaliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa. Boga lililokwaruzwa likipatikana ni bora kuliko karoti, lina utelezi. Dania kwa wingi. Bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, bizari ya manjano kidogo, chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ndani ya mkorogo, hicho usikionee uchungu. Unga wa dengu vijiko viwili, vikubwa. Kisha unaacha. Nusu saa ifunikwe, ule unga unywe majimaji ya mboga. Watu wa haraka huiruka hatua hii halafu wanalaumu oveni.

Mikono ilowe kidogo, unaviringa madonge ya ukubwa wa ndimu. Kikombe kimoja cha kunde kavu hutoa kati ya 15 na 20. Trei iwe imeshapata moto na imepakwa mafuta, ili kababu ikigusa tu chini inakamata rangi. Zipake mafuta juu kwa brashi. Nyuzi 200, dakika 25 hivi, ukizigeuza mara moja zinaposhika. Asiye na oveni atie mchanga safi chini ya sufuria kubwa, aweke trei ndogo juu ya mawe matatu, afunike na kupalia makaa juu ya kifuniko, mengi juu kuliko chini. Zikitoka zimwagiwe sosi ya nyanya na ukwaju zikiwa bado moto. Hapo ndipo unyevu wa mwisho unaporudi.

Kuna jambo ninalolikataa, ingawa wateja huniomba: kuzitia viungo vya pakiti vyenye ladha ya nyama. IKEA, wale wenye maduka ya samani wa Sweden wanaojulikana kwa madonge yao ya nyama, walitoa mwaka 2015 madonge ya mboga ambayo njegere na mahindi vilionekana wazi, kila mtu anajua anakula nini. Mwaka 2020 wakatoa mengine yaliyotengenezwa kuiga nyama, kwa protini ya njegere na oti. Wana soko lao na sababu zao. Mezani kwetu, hata hivyo, kababu inayojifanya nyama inamfanya mgeni aanze kuipima na nyama, na mbuzi yuko pale pale kwenye sahani ya pili, amechomwa. Itashindwa. Kababu inayosema mimi ni kunde haina wa kushindana naye.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu kwamba nitazipika, kwa masharti yangu. La kwanza, zisipikwe nyumbani kwangu na kuletwa zimefunikwa. Zingeviringwa na kuokwa pale pale, mbele ya watu. La pili lilimhusu yeye: aende kwa afisa wa lishe. Vitamini B12 haiko kwenye kunde wala mchicha, na mtu asiyekula kabisa vya mnyama lazima aitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezwa. Na aache kunywa chai papo hapo na chakula, maana chai inazuia madini ya chuma ya mboga yasiingie mwilini. Alifanya uso wa kuchoka, lakini alikwenda.

Siku ya ntheo mbuzi walikuja, wakakaguliwa na wazee wetu kwa mbwembwe zote, mmoja akasemwa ni mdogo, ikabishaniwa, ikaisha. Huku wanaume wakichuna ngozi chini ya mwembe, mimi niliweka meza yangu uani, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye hema hawezi kukwepa kuiona. Mashine ya kusagia ikafungwa ukingoni, mabeseni ya kunde yakapangwa, na wasichana wa upande wetu wakakaa pande mbili wakiviringa. Bibi arusi mwenyewe alikaa nao, amefunga leso. Oveni ya gesi ilikuwa nyuma yao. Wamama wa Masii walianza kusogea mmoja mmoja. Mwanzoni waliuliza ni nyama gani hiyo nyeupe. Baadaye walivuta viti, wakatia mikono, na kuanza kurekebishana kuhusu ukubwa wa madonge. Nilipoona mama ya bwana arusi anamwambia msichana wangu kwamba hajafikicha vizuri, niliacha kuwa na wasiwasi.

Zilitoka zikiwa na ngozi ya kahawia na ndani kijani kidogo, na zikapelekwa kwenye hema kabla ya mbuzi, kwa sababu mbuzi huchukua muda. Bibi arusi alikula mbele ya watu kama alivyotaka. Kaka yangu alizipitisha sahani mwenyewe kwa wazee, mikono miwili, bila kusema neno.

Msemaji wa upande wa Masii, mzee wa makamo mwenye kofia, alinifuata uani baada ya hapo akiwa na moja bado mkononi.

"Mama, hii haina nyama kabisa?"

"Haina, mzee."

"Wala yai?"

"Wala yai."

Akaitazama, akala nusu iliyobaki, akapangusa vidole. "Sasa tukija kwenye harusi, hamwezi kutia nyama ya kusaga kidogo tu? Kidogo, ya kuipa nguvu."

Nikamweleza kwamba inawezekana, ila nyama ikiingia bei ya sahani inapanda karibu maradufu, na upande wao ndio waliosema watalipia chakula cha harusi. Akaniuliza ni kiasi gani kwa kichwa. Nikamtajia.

"Basi ziache hivyo zilivyo," akasema, akaenda kutafuta nyingine.